Maji ya Paa Yanatua Wapi?

Ndugu zangu, najua wengi mmekuja na swali la gata, ule mfereji wa kukinga maji ukingoni mwa paa: iwe ya bati au ya plastiki? Nitalifikia, ila kwanza tupige hesabu.

Mvua ya milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Paa linalofunika mita 100 za mraba, mvua ikifika milimita 50, litamwaga lita 5,000, yaani tani 5. Yote hayo yakitua mguuni mwa ukuta, udongo unalegea chini ya msingi na ukuta unafyonza unyevu kwenda juu. Rangi inabambuka karibu na sakafu. Unamwita fundi rangi, anapaka, msimu ukirudi inabambuka tena, na lawama zinamwangukia yeye bure!

Nikiitwa kwenye gata inayofurika, siharakishi kupima upana wake. Natafuta bomba la kushushia maji liko wapi. Gata ya mita 12 yenye bomba moja mwishoni hulazimika kupitisha maji yote upande mmoja. Hamishia bomba katikati, uinamishe gata kutoka pande zote mbili, na kila upande utabeba nusu tu. Mteremko wa milimita 5 hivi kwa kila mita unatosha. Isipoinama, maji yanatuama, majani yanaoza, na mbu wanapata makazi.

Bado inafurika? Hapo ndipo ununue kubwa zaidi. Ukitoka gata ya nusu duara ya milimita 125 kwenda ya 150, tofauti machoni ni ndogo, kumbe nafasi ya maji imeongezeka kwa zaidi ya asilimia 40. Lakini bomba nalo lipanuliwe, la sivyo umepanua kinywa ukaacha koo lile lile.

Haya, bati au plastiki. Plastiki haishiki kutu, ila joto huirefusha: kipande cha mita 10, joto likipanda nyuzi 30, hurefuka karibu sentimita 2. Fundi akiibana pasipo kuiachia nafasi, itapinda au itachomoka kwenye viungo. Alumini hurefuka chini ya nusu ya hapo. Bati la zinki huanza kutu pale lilipokatwa. Na maji yanayotoka kwenye shaba yasipite juu ya zinki wala alumini, yatazila.

Kabla ya kufunga chochote, choma kwa bisibisi ule ubao wa ukingoni mwa paa. Ikizama kirahisi, ubao umeoza, ubadilishwe kwanza.

Mama pale nyuma anauliza kuhusu wavu wa kuzuia majani. Unasaidia, mama, ila vumbi na mbegu ndogo hupenya, na majani hulala juu ya wavu wenyewe. Ngazi utaipanda bado, japo si mara nyingi. Mimi ningetanguliza fedha hiyo chini: bomba liendelezwe hadi mita 2 hivi kutoka ukutani, na ardhi iinamie nje.