Nyumba ya mawe ya 1719 na sisi watu wa Shirati

Bwana asifiwe wapendwa! Salamu nyingi kwa ndugu zangu wa Shirati, Tarime na Musoma. Mama, najua unatazama kwa simu ya mdogo wangu. Shikamoo.

Nipo Lancaster, Pennsylvania, na leo siwaonyeshi maghorofa. Tazameni nyumba hii: kuta za mawe, madirisha madogo madogo, paa limesimama kama mikono ya mtu anayeomba. Someni hapo juu ya mlango: 1719. Taifa la Marekani lilikuwa bado miaka 57 lizaliwe.

Aliyeijenga ni Christian Herr, mtoto wa mzee Hans Herr. Walikuwa Wamennonite, yaani Wakristo wa dhehebu la Mennonite, ukoo wa Uswisi uliohamia Ujerumani kwa sababu ya mateso, na mwaka 1710 wakavuka bahari. Kosa lao lilikuwa kukataa kubatiza watoto wachanga na kukataa kushika silaha. Wenzao walifungwa, wengine wakazamishwa majini.

Sasa twendeni ndani. Hii ni sebule. Jiko lake la chuma lilichochewa kutokea jikoni, upande wa pili wa ukuta, hivyo joto liliingia bila moshi. Hawakuwa na jengo la kanisa, basi wakawa wanasali humu humu. Hapa nilisimama nikashindwa kusema. Miaka 215 baadaye, yaani 1934, Wamennonite wa Lancaster hii hii walituma wamisionari Tanganyika, wakashukia Shirati kwetu! Mimi nimezaliwa katika hospitali waliyoianzisha. Nimebatizwa nikiwa na akili zangu, najua ninachokiri, na watu wa kwanza kuniambia kwamba Mkristo haui ni wazee wa Kanisa la Mennonite Tanzania (KMT).

Lakini siwafichi jambo. Hapo nje kuna nyumba ndefu, mfano wa makazi ya wenyeji wa asili, iliyofunguliwa 2013. Waliokimbia mateso walipewa ardhi yenye wenyewe. Na Desemba 1763, Waconestoga 20, watu wa kabila la wenyeji wa asili, watoto wakiwemo, waliuawa katika eneo hili la Lancaster. Wauaji walikuwa walowezi wa Paxton, si watu wa nyumba hii, lakini inauma. Nimeingia mle nikakaa kimya kwanza.

Mama, umeniuliza mara nyingi wale wamisionari wa bibi walitokea wapi. Subiri nigeuze kamera, uone sebule yote.