Ada Ndogo na Watu Wasiohesabiwa

Mheshimiwa mwenyekiti, wanataaluma wenzangu, wanafunzi, na ninyi mliotoka makazini kuja kusikiliza: wakubwa shikamooni, wadogo zangu hamjambo.

Nimeombwa nizungumze jinsi sera za umma zinavyogusa maisha ya wananchi. Uwanja huo ni mpana mno kwa jioni moja, kwa hiyo nitabaki kwenye jambo moja: ada ndogo inayotozwa mahali pa huduma, iwe zahanati au shule. Watunga sera wengi huiona ni suala la senti chache. Mimi nimelishughulikia kwa sababu hapa Afrika Mashariki athari zake zimepimwa kwa umakini kuliko za sera nyingine nyingi, na kwa sababu majibu yake yanauma.

Miaka ya 1980 serikali zetu ziliishiwa fedha. Mwaka 1987 Benki ya Dunia ilitoa andiko la sera lililopendekeza wagonjwa katika nchi zinazoendelea wachangie gharama za matibabu. Kenya ilianza kutoza Desemba 1989, na Tanzania ikafuata 1993. Tuitendee haki hoja ya wakati ule, kwani walioitoa hawakuwa wajinga. Walisema makusanyo yatanunua dawa ambazo hazina ya serikali haikuweza kununua. Walisema pia kwamba mtu akilipa chochote ataithamini huduma, na hatapanga foleni kwa kila kikohozi. Maskini wa mwisho kabisa wangesamehewa.

Hebu tuitazame hiyo hoja ya kuthamini. Ni dai kuhusu mwenendo wa watu, na dai la namna hiyo linaweza kupimwa.

Jijini Nairobi kulikuwa na kliniki ya rufaa ya magonjwa ya zinaa. Watafiti walilinganisha mahudhurio ya kabla ya ada na ya kipindi cha ada, wakachapisha matokeo mwaka 1992. Katika miezi 9 ya kutoza, wastani wa wanaume waliofika kwa mwezi ulishuka hadi asilimia 40 ya ule wa awali. Wa wanawake ulishuka hadi asilimia 65. Fikirini ni maradhi gani hayo. Mwanamume aliyeghairi kwenda kliniki hakubaki na ugonjwa wake peke yake; alikwenda nao nyumbani. Na huo ndio wakati VVU vilikuwa vikienea, ilhali magonjwa ya zinaa yasiyotibiwa hurahisisha maambukizi hayo. Ada iliyokusudiwa kumpunguza mwenye kikohozi ilimpunguza mtu ambaye jamii nzima ilihitaji atibiwe.

Sasa jiwekeni mahali pa ofisa wizarani anayesoma taarifa ya kituo kinachotoza. Taarifa itamwambia wagonjwa wangapi wamehudumiwa na fedha kiasi gani zimekusanywa. Foleni imepungua, sanduku lina kitu. Kwa macho ya taarifa ile, sera inafanya kazi. Rejesta huandika aliyefika. Aliyeishia getini, au aliyehesabu sarafu zake nyumbani akaamua kulala na homa, hana mstari wake. Nasisitiza hapa kwa sababu hiki ndicho kiini cha kazi yangu: sera inaweza kumdhuru mwananchi na wakati huohuo kumfuta kwenye vitabu ambavyo vingeonyesha kwamba amedhurika.

Njia mojawapo ya kumwona mtu huyo ni kulinganisha makundi yaliyochaguliwa kwa bahati nasibu. Magharibi mwa Kenya, wachumi Edward Miguel na Michael Kremer walifuatilia mpango wa dawa za minyoo katika shule 75 za Busia, ulioanza 1998. Baadaye baadhi ya shule hizo, zilizochaguliwa kwa nasibu, ziliwekewa mchango mdogo wa wazazi. Idadi ya watoto waliomeza dawa ikaanguka kwa asilimia 80 ikilinganishwa na shule za bure. Wazazi walikuwa wa hali ileile, na minyoo ilikuwa ileile.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa vyandarua. Watafiti wa uchumi Jessica Cohen na Pascaline Dupas walifanya kazi kwenye kliniki za wajawazito, magharibi mwa Kenya vilevile. Baadhi ya kliniki zilitoa chandarua chenye dawa bure, nyingine zikakiuza kwa bei iliyopunguzwa sana, na bahati nasibu ndiyo iliyoamua ipi iwe ipi. Bei ilipopanda kutoka sifuri hadi shilingi 40 za Kenya, kiwango cha waliochukua kilishuka kwa pointi 60 za asilimia, yaani wachukuaji 60 pungufu katika kila wajawazito 100. Shilingi 40! Watafiti wakaenda hadi majumbani kuona kama chandarua kimetundikwa. Hawakupata ushahidi kwamba waliopewa bure walikuwa wazembe kuliko walionunua. Ile hoja ya kuthamini, ilipofikishwa kitandani kwa mama mjamzito, haikupata wa kuitetea.

Kwa nini shilingi 40 zimzuie mtu? Maoni yangu ni haya. Sisi wa mshahara tunapima ada kwa kuilinganisha na mapato ya mwezi, na kwa hesabu hiyo kila ada ni ndogo. Mama yule anaipima kwa fedha aliyonayo mkononi asubuhi ile, na mara nyingi fedha ya nyumba haiko mkononi mwake. Bado nauli. Bado siku nzima ya kibarua iliyopotea.

Mtaniuliza: na msamaha je? Upo, na kwa makundi yanayoonekana kwa macho, kama watoto wa chini ya miaka mitano, una nafuu. Ugumu ni kwa anayesamehewa kwa umaskini wake. Huyo lazima aujue utaratibu, apate barua ya serikali ya kijiji au mtaa, aende ustawi wa jamii, aeleze mbele ya watu kwamba hana kitu. Yote hayo akiwa mgonjwa. Tumemwekea asiye na kitu safari ndefu kuliko ya mwenye fedha, kisha tunashangaa kwamba waombaji ni wachache.

Kufuta ada nako si mwisho wa habari, na sitaki mtoke hapa mkidhani hivyo. Uganda ilifuta ada katika vituo vya serikali Machi 2001. Watu walifurika, maskini wakiwa mbele. Lakini utafiti uliofuata ulionyesha kwamba kwa kaya maskini, gharama za matibabu zinazofilisi hazikupungua. Maelezo yanayoaminika ni kwamba dawa zilipokosekana kituoni, mgonjwa alielekezwa duka la dawa, akalipa huko.

Upande wa elimu nitapita haraka. Kenya ilipofuta ada za shule za msingi mwaka 2003, wanafunzi waliongezeka kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2, na walimu wakaelemewa na madarasa. Mwaka uliofuata Mzee Kimani Maruge wa Eldoret, mwenye miaka 84, alivaa sare akaingia darasa la kwanza. Mwaka 2002 watu hao wote walikuwepo. Hakuna rejesta ya shule iliyowaonyesha.

Ninachowaomba maofisa waliopo hapa ni kitu kinachowezekana. Kabla ada yoyote haijaanza au kubadilishwa, kaya ziulizwe kwanza: nani aliugua katika wiki nne zilizopita, alikwenda wapi, na kama hakwenda, kwa nini. Maswali hayo tayari yamo katika tafiti nyingi za kaya. Yarudiwe katika kaya zilezile miezi michache baada ya ada kuanza, na majibu yawekwe mezani pamoja na hesabu za makusanyo, katika kikao kilekile cha bajeti.

Nimeishia hapo; tuingie kwenye maswali. Mwenyekiti, kama utaniruhusu, tuanze na wahudumu wa mapokezi na wahasibu wa vituo. Ningependa kusikia kwao mgonjwa akifika bila fedha anaambiwa nini, na kama kuna mahali popote jambo hilo linaandikwa.