Bima ya Safari kwa Mwenye Maradhi ya Kudumu

Mabibi na mabwana, wazee wangu shikamooni. Nashukuru kualikwa kuzungumza hapa Upanga mbele ya watu ambao wengi wao wanajiandaa kwenda kuwatembelea watoto na wajukuu walioko ng'ambo. Jambo langu ni moja, nalo huniumiza kila ninapoliona: mtu mwenye kisukari, shinikizo la damu, ugonjwa wa moyo au selimundu anasafiri na hati ya bima mkononi, akiamini kwamba maradhi yake yamo ndani ya hati hiyo, kumbe hayamo.

Chanzo cha imani hiyo, kwa wengi, ni viza. Kanuni za Viza za Umoja wa Ulaya za mwaka 2009 zinamtaka mwombaji wa viza ya muda mfupi ya Schengen, yaani eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, aonyeshe bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000, inayotumika katika nchi zote za eneo hilo kwa muda wote wa ziara, na inayogharimia matibabu ya dharura, kulazwa kwa dharura na kurejeshwa nyumbani kwa sababu ya ugonjwa au kifo. Ofisa wa ubalozi hutazama kiwango, tarehe na eneo. Si kazi yake kukuuliza kama kampuni ya bima inajua kwamba unatumia insulini. Ndiyo maana bima inaweza kukupatia viza na bado ikawa na kifungu, mara nyingi katika kurasa za nyuma, kinachosema kwamba maradhi yaliyokuwepo kabla ya kukata bima hayatafidiwa.

Uingereza haimlazimishi mgeni wa matembezi kuwa na bima, na kwa maoni yangu hapo hatari ni kubwa zaidi. Kule England, mgeni anayefikishwa kitengo cha dharura cha hospitali ya umma huhudumiwa kitengoni bila malipo, lakini akishalazwa wodini hutozwa asilimia 150 ya bei ya kawaida ya hospitali hizo za umma. Deni la pauni 500 au zaidi lisilolipwa kwa miezi miwili linaweza kuarifiwa kwa mamlaka ya uhamiaji, nalo likaja kuwa sababu ya kunyimwa viza. Fikirini bibi aliyekwenda kumpakata mjukuu mchanga, sukari ikapanda, akalazwa: deni linaweza kumzuia asirudi kumwona mtoto huyo akikua.

Sasa niseme juu ya fomu, kwa kuwa humo ndimo mambo huharibika. Sheria ya bima tuliyoirithi kutoka kwa Waingereza imesimama juu ya uaminifu wa hali ya juu, kanuni ambayo Jaji Mansfield aliieleza mwaka 1766 katika kesi ya Carter dhidi ya Boehm: anayeomba bima ndiye anayezijua habari zake, basi ni juu yake kuzieleza. Wapo wanaonyamaza kwa kuogopa ada kupanda, na hofu hiyo naielewa, kwa sababu ada hupanda kweli. Wapo pia ambao wakala huwajazia fomu harakaharaka na kuandika "hapana" penye swali la maradhi, wao wakatia saini tu. Saini ni yako, wala si ya wakala. Siku ya madai, kampuni huomba kumbukumbu za kliniki, na kidonge cha presha ulichoandikiwa miaka mingi iliyopita kinaweza kutosha kukataa gharama za kiharusi.

Ukishaeleza, omba jibu la maandishi linalotaja ugonjwa wako kwa jina. Uliza kama wanalipia dharura tu hadi hali itulie, kwa maana anayesafishwa damu kwa ratiba hatafidiwa na bima ya namna hiyo, na anayekwenda India kwa upasuaji uliopangwa hatafidiwa pia. Uliza kiasi gani utajilipia mwenyewe kabla kampuni haijaanza kulipa. Mwenye selimundu aonane kwanza na daktari wake, kwani hewa ndani ya ndege huwa nyepesi kama ya mlimani, kwenye kimo kinachoweza kufikia mita 2,400, na upungufu huo wa oksijeni unaweza kuamsha maumivu.

Lipo sharti ambalo watu hulisahau zaidi: ugonjwa uwe umetulia kwa muda uliotajwa, pengine miezi mitatu, pengine sita au zaidi. Katika baadhi ya mikataba, kubadilishiwa dozi, hata kwa kupunguziwa, huhesabiwa kuwa ugonjwa haujatulia. Kwa hiyo nendeni kliniki mapema, kabla ya kununua bima, ili marekebisho ya dawa yafanyike wakati huo. Daktari akibadilisha dawa baada ya hati kutolewa, iarifuni kampuni kwa maandishi kabla ya kupanda ndege, na nakala ya jibu lake aachiwe pia mtu mmoja wa nyumbani, kwa sababu anayelazwa akiwa hajitambui hawezi kupekua mkoba wake.