Kwenu ni wapi? Waapache wa Fort Sill na ile kesi ya New Mexico

Haya jamani, waliosimama mlangoni sogeeni mbele, viti vipo. Leo naongelea Waapache, wenyeji wa asili wa Marekani, na najua wengi wenu mnawajua kwa zile sinema za kauboi tu, yule anayekuja na farasi anapiga kelele halafu anapigwa risasi, basi imeisha. Sasa hao watu wapo mpaka leo, wana ofisi, wana mwenyekiti, wana mawakili, tena wazuri, na Aprili 2014 hawa wa Fort Sill walishinda kesi ambayo ukiisikia mara ya kwanza utacheka.

Mahakama ya juu ya jimbo la New Mexico iliamuru serikali ya jimbo iwaweke kwenye orodha. Orodha tu! Ile ya makabila yanayoalikwa kila mwaka kukaa mezani na gavana. Serikali ilikuwa imegoma, hoja yao ni kwamba nyie ofisi zenu ziko Oklahoma, kwa hiyo nyie watu wa Oklahoma.

Ni kweli ofisi ziko Oklahoma. Ila walifikaje huko, wakati kwao asili ni New Mexico na Arizona?

Tarehe 4 Septemba 1886 Geronimo, kiongozi wao wa vita, anajisalimisha kwa Jenerali Miles wa jeshi la Marekani pale Skeleton Canyon, Arizona. Serikali kuu ya Marekani ikakusanya Wachiricahua, yaani tawi lake la Waapache, karibu wote, na sisemi wapiganaji tu, nasema akina mama, watoto, wazee waliokuwa wamekaa zao kimya, wote kwenye treni mpaka Florida. Kuna hawa wawili, Martine na Kayitah, skauti wa jeshi la Marekani lenyewe, ndo waliopanda mlimani kumshawishi Geronimo ashuke, na wenyewe wakapelekwa Florida kama mateka. Asante ya punda.

Kutoka Florida wakapelekwa Alabama, watu wanakufa na TB, watoto wanachukuliwa kwenda shule ya bweni kule Carlisle, Pennsylvania, wengine hawakurudi kabisa. 1894 wakahamishiwa Fort Sill, kambi ya jeshi Oklahoma, wakaambiwa hapa ndo kwenu sasa, tulieni. Wakatulia kweli, wakajenga, wakafuga ng'ombe wengi tu, halafu jeshi likataka eneo la kufundishia mizinga, kwa hiyo ondokeni tena. Geronimo 1905 aliletwa Washington kwenye gwaride la Rais Roosevelt, akaona hapa hapa, akamwomba arudishwe Arizona, akakataliwa, akafa 1909 bado mateka wa vita.

Miaka 27 hiyo. Ukizaliwa humo unazaliwa mateka. Mildred Cleghorn kazaliwa 1910, kitoto kichanga, mateka wa vita wa Marekani! Walipoachiwa wengi wakaenda Mescalero, New Mexico, mwaka 1913, kama 80 hivi wakabaki Oklahoma wakapewa mashamba, na hawa waliobaki ndo kabila tunaloliongelea. Serikali kuu ikalitambua rasmi 1976, na mwenyekiti wa kwanza ni nani? Huyo huyo Mildred, akakaa kwenye kiti mpaka 1995. Mama huyu alikuwa pia anashona wanasesere, kila mmoja kavalishwa vazi la kabila lake, kazi ya mikono yake. Mimi huyu mama namkubali sana kuliko hata Geronimo, samahanini mashabiki.

Na sherehe zao zipo, kila mwaka mwezi wa tisa, ngoma ya roho za milimani, wachezaji wamefunika nyuso, kichwani wana mapembe ya mbao, miili imepakwa rangi, moto mkubwa katikati, usiku.

Sasa New Mexico. 2011 serikali kuu ikatangaza ekari 30 kuwa ardhi rasmi ya kabila, panaitwa Akela Flats, kando ya barabara kuu kati ya Las Cruces na Deming. Ekari 30! Kuna mashamba ya mkonge yanayocheka hiyo. Wapinzani wakasema hawa wanatafuta kasino tu. Inawezekana wanaitaka, walishajaribu bingo pale wakapigwa stop 2009, ila hata kama ndo hivyo, aliyekutoa nyumbani kwa bunduki anakuulizaje leo mbona anwani yako ya mbali?

Wengi wao bado wanaishi Oklahoma, maana ekari 30 hazijengi mji. Hilo la ardhi ndo bado.

Naona mkono pale nyuma, dada mwenye kitenge, karibu, ongea kwa sauti maana maiki ni moja.