Jua Likifika Utosini, Mwacheni Ndege

Ndugu zangu, wengi mmekuja mkitarajia niwape orodha ya ndege wa ardhioevu ya Malagarasi. Sina orodha. Habari za Ramsar, mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhioevu, nazo mnazijua: ardhioevu ya kwanza ya Tanzania kuingizwa kwenye mkataba ule, mwaka 2000, hekta zaidi ya milioni 3. Ukipanda treni hapa Kigoma kwenda Tabora, unavuka mto wake. Hayo tuyaache.

Nina lile lile ninalolisema kila nikipewa kipaza sauti. Septemba na Oktoba, jua likifika utosini, acheni kufukuza ndege.

Mgeni anafika mbugani saa sita mchana, anashusha kioo cha gari, anatazama kushoto na kulia. "Ndege hawapo." Hawapo waende wapi? Wako kivulini, wewe ndiye uliye juani! Ndege hana tezi za jasho, hawezi kulowa shati kama mimi hapa. Mtazameni mnandi akiwa juu ya gogo: mdomo wazi, ngozi ya koo inatetemeka upesi upesi. Anatoa mvuke ili apoe. Watu wanampiga picha wakidhani anaimba.

Na kongoti je, yule korongo mkubwa mwenye upara? Wenye vitafunio mkononi mniwie radhi. Miguu ya kongoti ina rangi ya kijivu, karibu nyeusi, lakini ninyi mnaiona myeupe kama imepakwa chokaa. Ile si chokaa. Ni mavi yake mwenyewe, na anajinyea kwa makusudi. Majimaji yale yakikauka miguuni huondoka na joto, na damu inayopita humo inarudi mwilini ikiwa imepoa. Kuna mama alinibishia kwamba ule ni uchafu tu. Nikamuuliza, mbona jua likizidi ndipo naye anazidisha? Hakunijibu, ila vitumbua aliviweka chini.

Sasa hoja yangu. Kitwitwi anataga chini, mchangani, bila paa. Saa saba mchana huyo halalii mayai ili yapate joto, anasimama juu yake ayatilie kivuli. Wenzake wengine huenda kulowesha manyoya ya tumbo, wakarudi kuyapoza. Wewe unakuja na kamera, unamsogelea, anaruka. Umepata picha. Mayai yanabaki yanachemka. Korongo nyangumi, huyo mnayelilia kumwona wote, anachota maji kwa lile domo lake anayamwagia mayai na makinda. Mkimzunguka kwa mtumbwi nusu saa nzima, nani atachota?

Najua mtaniambia, "Mzee, nimetoka Dar, nina siku moja tu." Basi amka! Kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa tatu utaona wengi kuliko mchana kutwa. Baada ya hapo tafuta mti, keti, tazama kidimbwi kinachokauka. Samaki wamebanana humo, korongo na yangeyange watakuja wenyewe. Kamongo naye hana budi kupanda juu kuvuta hewa, na korongo nyangumi anamsubiri hapo hapo, amesimama kimya. Hakimbizi kitu. Jifunzeni kwake.

"Na ndorobo, wale mbung'o?" Aa, hilo ni swali la kweli. Msivae bluu wala nyeusi, rangi hizo zinawaita. Kaki inatosha.

Nilitaka kusema juu ya moto unaowashwa kwenye matete kiangazi, na nyavu, na mifugo inayoingizwa mbugani, na biashara ya kuwauza korongo nyangumi nje. Mwenyekiti ananionyesha saa. La moto nitalisema kwa sentensi moja: anayechoma matete mwezi huu asiniulize mwakani ndege wamekwenda wapi.

Kesho tunakwenda Ilagala, mto unapoingia ziwani. Gari linaondoka saa kumi na moja alfajiri. Mwenye kofia aje nayo, na mwenye shati la bluu akae kiti cha nyuma, mbali na mimi.