Taima Ndiyo Bosi: Mashine Kuukuu ya Kufulia na Zamu Zake

Wakubwa zangu shikamooni, na vijana habari za jioni. Niliombwa nizungumzie mashine za kufulia za zamani, zile za kufungua mfuniko juu. Wengi wenu hapa Columbus, jimbo la Ohio, Marekani, mmezikuta kwenye nyumba za kupanga, au mmenunua moja ya mtumba, na kila ikigoma mnaambiwa mtupe. Kazi yangu ni kuzitengeneza, na huwa sikubaliani na ushauri huo.

Jambo ninalotaka mlishike ni hili: mashine hii haina akili. Haijui kama nguo zimetakata, haijui kama umetia sabuni au umesahau. Inajua vitu viwili tu, muda na kina cha maji. Ukishafahamu zamu zake zinavyofuatana, utajua ubovu uko wapi kabla hujagusa bisibisi.

Historia nitaipitia mbiombio. Mwaka 1937 kampuni ya Bendix ilianza kuuza mashine ya kujiendesha yenyewe, mlango mbele, na ilibidi ifungwe sakafuni kwa bolti isije ikatembea. Mwaka 1947 kampuni moja ya mji wa St. Joseph, Michigan, ambayo baadaye ilijiita Whirlpool, ikatoa ya kufungua juu, ikauzwa na maduka ya Sears kwa jina la Kenmore. Hizo zilikuwa za mkanda, yaani mota ilizungusha mashine kwa mkanda. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Whirlpool wakaja na isiyo na mkanda kabisa, mota imeungana na giaboksi ana kwa ana. Zilitengenezwa mji wa Clyde, hapahapa Ohio, kwa karibu miaka 30. Ndiyo hii iliyo mezani, nimeivua koti lake mwone.

Tuanze na bosi. Hii hapa ni taima, kifaa kinachopanga muda wa kila zamu, nimeifungua. Angalieni ndani: visahani vya plastiki vimetungwa kwenye mhimili mmoja kama mishikaki, na kila kisahani kina mabonde na vilima pembeni. Mafundi tunaviita kemu. Juu ya kila kemu kuna kijiti cha shaba kinacholalia. Kikipanda kilima, umeme unapita. Kikitumbukia bondeni, umeme unakatika. Kemu moja ni ya valvu za maji, nyingine ni ya mota kwenda huku, nyingine kwenda kule. Anayezungusha mhimili wote ni kimota kidogo hiki, hakizidi ukubwa wa kifuniko cha chupa ya chai. Programu nzima ya kufua imechongwa kwenye plastiki. Ndiyo maana naipenda. Unaweza kuishika mkononi ukaisoma.

Wale waliokulia na mashine za ngoma mbili nyumbani wanajua taima ya springi, unaikaza na inarudi yenyewe ikilialia. Hii si hivyo. Hii inatembea kwa mapigo ya umeme wa ukutani, na hilo tutalirudia tukifika kwenye kutuma mashine Afrika. Na tafadhali, kitufe chake zungusha upande wa saa tu. Kuirudisha nyuma kwa nguvu ndiko kunakopinda vile vijiti vya shaba.

Haya, umevuta kitufe. Zamu ya kwanza ni maji. Valvu zipo mbili, ya moto na ya baridi. Ukichagua vuguvugu zinafunguka zote. Sasa hapa pana ujanja. Maji yakianza kuingia, taima inasimama. Kimota chake hakipati umeme mpaka kina kitimie. Nani anayetoa taarifa? Mpira huu mwembamba unaopanda kutoka chini ya pipa hadi kwenye swichi huku juu. Maji yanapopanda yanabana hewa ndani ya mpira, hewa inasukuma kiwambo, kiwambo kinageuza swichi. Ukichagua nguo chache au nyingi, unachobadilisha ni ukakamavu wa springi inayopingana na ile hewa. Basi, hakuna zaidi.

Mama mmoja aliwahi kunipigia simu kwamba mashine yake inajaza maji tangu asubuhi na haifui. Bili ya maji hiyo, fikirieni! Nikamuuliza mpira wa kutolea maji umewekwaje. Akasema ameusukuma ndani kabisa ya bomba la ukutani usichomoke. Hapohapo nikajua. Mpira ukizama sana, maji yanajivuta yenyewe kwenda nje huku mengine yakiingia. Kina hakitimii, hewa haibaniki, taima imesimama inasubiri. Aliuvuta juu, akaacha nafasi ya hewa, ikaanza kufua. Sikutoka hata nyumbani.

Kina kikitimia, swichi inafunga valvu na kuipa mota umeme. Zamu ya kufua. Hiki kinachosimama katikati chenye mapezi ni ajiteta. Sehemu ya chini inakwenda na kurudi, kwenda na kurudi. Sehemu ya juu yenye umbo la skrubu inakwenda upande mmoja tu, kazi yake ni kuzivuta nguo chini. Nguo inazama karibu na mhimili, inatambaa chini kuelekea ukingoni, inapanda ukutani, inarudi katikati. Mkitaka kuhakikisha, tieni kitambaa chekundu kisichotoa rangi katika nguo nyingine, mfungue mfuniko mkihesabu dakika. Kikizama na kuibuka tena, nguo zinazunguka. Kikibaki juu kinacheza palepale, mmejaza kupita kiasi, na za chini ndizo zinazosuguliwa peke yake. Zipo zinazosimama mfuniko ukifunguliwa hata zikiwa katika kufua. Hizo itabidi mchungulie kwa vituo.

Kinachofanya sehemu ya juu iende upande mmoja ni vipande vinne hivi vya plastiki, kila kimoja hakifiki urefu wa kidole gumba. Vina meno. Vikilika, sehemu ya juu inabaki imelegea, unaweza kuizungusha kwa mkono pande zote mbili, na nguo hazizami tena. Watu wametupa mashine nzima kwa sababu ya hivi vinne. Bei yake ni ndogo, kazi ni ya nusu saa.

Sasa sehemu ninayoiona tamu kuliko zote. Mota ni moja, na inafanya kazi tatu: kufua, kutoa maji, kukamua. Ikizunguka upande huu, giaboksi inapeleka ajiteta mbele na nyuma. Pampu imebanwa kwenye ncha ya pili ya mota na inazunguka nayo muda wote, ila ikienda upande huu haitoi maji nje. Muda wa kufua ukiisha, kemu inakata umeme, kimya kidogo, halafu mota inawaka kinyumenyume. Pampu sasa inatoa maji. Lakini ngoma, lile pipa la ndani lenye matundu linalobeba nguo, haizunguki bado! Giaboksi imejiweka huru makusudi, maana kuzungusha ngoma iliyojaa maji ni kuitesa. Mota inasimama tena, inawaka tena upande uleule, na safari hii giaboksi inashika, klachi inaivuta ngoma taratibu hadi inashika kasi ya kama mizunguko 640 kwa dakika. Ukisikia kimya mara mbili kabla ya kukamua, usidhani imekufa.

Kampuni ya Maytag, kwa mashine zao za enzi hizo, iliamua vingine. Wao maji yalitoka ngoma ikiwa tayari inajaribu kuzunguka, na mkanda ukateleza kwa makusudi mpaka uzito upungue. Mota yenyewe ilikaa juu ya vigurudumu na springi ili mkanda ukaze na kulegea. Mimi, mkiniuliza, njia yao ilisafisha vizuri zaidi. Ngoma ikisimama wakati maji yanashuka, uchafu na nyuzinyuzi zinazoelea zinachujwa na nguo zako wenyewe. Ikizunguka, uchafu unarushwa nje kupitia matundu. Ila mafundi wa kiwandani walikuwa na hesabu zao za gharama, na mashine ya Clyde ina vipuri vichache kuliko zote nilizowahi kufungua.

Kati ya mota na giaboksi kuna kiungo hiki, kaplingi: plastiki mbili zenye vidole vitatu vitatu, na mpira katikati. Ukijaza mablanketi, kiungo hiki ndicho kinachovunjika ili giaboksi ipone. Dalili yake haina utata. Mota inanguruma, maji yanatoka kwa sababu pampu iko upande wa pili, ila ajiteta haisogei na ngoma haizunguki. Lakini kama inafua vizuri, halafu maji yamebaki ndani na mota haitoi hata sauti, angalia swichi ya mfuniko. Mara nyingi ni kile kijino cha plastiki chini ya mfuniko kimevunjika, mashine inadhani uko wazi.

Kusuuza nitapita haraka. Wakati wa kukamua, maji baridi yananyunyizwa mara kadhaa huku ngoma inazunguka, kisha inajaza upya, inasuuza dakika chache, inatoa, inakamua mara ya mwisho. Kwa jumla lita kama 150 zimekwenda kwa mzigo mmoja mkubwa. Ni mengi, siwatetei.

Ile zamu iliyoandikwa ya nguo zisizopigwa pasi, wengi hawaigusi. Ilikuja miaka ya 1960 pamoja na vitambaa vya polista. Kitambaa cha moto kikikamuliwa kinashika mikunjo. Kwa hiyo kabla ya kukamua, mashine inapunguza maji, inaongeza ya baridi, inapoza nguo kwanza, ndipo inakamua, na kwa zile za spidi mbili inakamua polepole. Kwa sare za shule za watoto hiyo ndiyo yenyewe.

Kijana pale nyuma ameinua mkono... Anauliza, akiituma Dar kwenye kontena na kuifungia transfoma, itafanya kazi? Transfoma itashusha volti kutoka 230 hadi 120. Haitagusa hezi. Hapa umeme unapiga mara 60 kwa sekunde, kule mara 50, na nimeshawaambia taima inatembea kwa mapigo hayo. Dakika 10 za kufua zitakuwa 12. Mota nayo itapunguza kasi, ile 640 ya kukamua itashuka kwenye 530 hivi, nguo zitoke zikichuruzika, na mota itachemka kuliko kawaida. Hiyo nafasi ya kontena, kaka, weka kitu kingine.