Msamba Kabla ya Mechi Haumsaidii Mtoto

Walimu wenzangu wa michezo, na makocha mnaolea vijana hapa Tanga wakitamani kufika klabu ya soka ya Coastal Union: wengi mmeshanisikia juu ya hili. Nalirudia kwa sababu kila nikipita pembeni mwa uwanja nakuta yale yale. Mtoto wa miaka 13 amekaa chini, miguu kaitanua, mwenzake kamlalia mgongoni anamkandamiza, na kocha anahesabu hadi mia. Mtoto machozi yanamtoka, anaambiwa vumilia. Kisha filimbi inalia, tunamtaka akimbie na kuruka! Jamani! Msuli ulioshikiliwa umevutwa zaidi ya dakika moja hupungukiwa nguvu kwa muda. Ni kidogo, naam, lakini mkimbiaji wa mita 100 hushinda au hushindwa kwa hicho hicho kidogo.

Atatokea wa kusema: mbona wacheza sarakasi hupiga msamba? Kazi yao inautaka, nao huujenga taratibu kwa miaka. Beki wa pembeni anahitaji nyonga na vifundo vinavyomtosha kukimbia, kugeuka na kutua. Mpimeni: ncha ya kidole gumba cha mguu iwe sentimita 10 kutoka ukutani, goti liguse ukuta, kisigino kisinyanyuke. Akishindwa, hapo ndipo pa kufanyia kazi, hasa kama mguu mmoja ni mgumu kuliko mwingine.

Na yule mnayemsifu kuwa hana mifupa, kiwiko kinapinda kinyumenyume, gumba linalala hadi kwenye kigasha? Huyo msimnyooshe tena! Mjengeeni nguvu za misuli ya kushika viungo vyake.

Kabla ya mechi wakimbie polepole, warushe miguu, wachuchumae, waruke, wabadili mwelekeo. Mpango wa FIFA 11+, yaani mazoezi ya kupasha mwili moto ili kuzuia majeraha ya soka, huchukua dakika 20 hivi, na jaribio la wasichana wa Norway lililochapishwa 2008 lilionyesha majeraha kwa jumla yamepungua karibu theluthi. Kunyoosha kwa kushikilia kufanyike baada ya mazoezi, bila kusukumana.

La haraka: wasichana hurefuka kwa kasi karibu na miaka 12, wavulana 14. Mifupa hutangulia misuli, ndiyo maana aliyekuwa mlaini hukakamaa ghafla. Msimwite mvivu. Akilalamikia maumivu chini ya goti, juu ya ugoko, mpunguzieni kuruka, na yakizidi apelekwe hospitali.

Habari ya viatu muda hautoshi. Nipeni maswali.